Khazaria, Bulgaria Mbili na Kiev: Dola Ipi Uichague Kujifunza Jinsi Dini ya Mungu Mmoja Ilivyojenga Utawala

Anayetaka kuelewa jinsi dini za Mungu mmoja zilivyoenea katika eneo kubwa linaloanzia bonde la Danube hadi mto Volga na Bahari ya Kaspi hukutana mapema na tatizo la wingi. Watawala wa Khazaria waliingia katika Uyahudi kati ya karne ya 8 na ya 9. Boris wa Wabulgari wa Danube alibatizwa mwaka 864. Almish wa Wabulgari wa Volga alipokea ujumbe wa khalifa wa Baghdad mwaka 922. Mieszko wa Poland akabatizwa mwaka 966, Vladimir wa Kiev mwaka 988, na Stephen wa Hungaria akavikwa taji la Kikristo karne ya 11 ilipokuwa ikianza. Kuwasoma wote kwa mkupuo mmoja ni kuambulia majina na tarehe tu. Afadhali kuchagua mmoja au wawili na kuwachimba mpaka chini.

Makala haya yanaziweka dola nne ubavu kwa ubavu: Khazaria iliyofuata Uyahudi, Bulgaria ya Volga iliyofuata Uislamu, na mbili zilizofuata Ukristo wa Konstantinopoli, yaani Bulgaria ya Danube na dola ya Rus yenye makao yake Kiev. Lengo ni kumsaidia mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia, mwanachuo anayetafuta mada ya tasnifu, au msomaji mwenye hamu ya kujua, achague pa kuanzia. Poland na Hungaria nimeziacha kando kwa sababu zilijiunga na Kanisa la Kilatini ambalo tayari lilikuwa limetamalaki kwa majirani zao wa magharibi, na kwa hiyo uwanja wa watawala wake kuchagua ulikuwa mwembamba zaidi.

Vipimo vya kulinganishia

Kabla ya kulinganisha ni lazima kuondoa dhana moja inayopotosha. Hakuna hata moja kati ya dola hizi nne iliyozaliwa na dini. Khazaria ilikuwa dola tangu katikati ya karne ya 7, himaya ya Waturuki wa Magharibi ilipovunjika. Bulgaria ya Danube ilitambuliwa na Bizanti, himaya ya Kigiriki ya Konstantinopoli, kwa mkataba wa mwaka 681. Na wakuu wa Rus walikuwa wakikusanya kodi kandokando ya mto Dnieper vizazi kadhaa kabla ya ubatizo. Lithuania nayo ilibaki katika dini yake ya jadi mpaka mwaka 1387, na kufikia wakati huo ilikuwa miongoni mwa dola zenye eneo kubwa kuliko zote barani Ulaya. Dini ya Mungu mmoja, basi, ilikuja katika hatua ya pili, pale mtawala aliyekwisha kushinda kwa upanga alipohitaji kutambuliwa na wafalme wenzake, kupata watu wanaojua kusoma na kuandika, na kuweka sheria moja juu ya koo nyingi.

Katika hatua hiyo ya pili kulikuwa na gharama. Nyuma ya Ukristo wa Kigiriki alikuwapo mfalme mkuu wa Konstantinopoli, aliyewahesabu waliobatizwa na makasisi wake kuwa wana wake wa kiroho, na mwana humtii baba. Nyuma ya Uislamu wa wakati huo alikuwapo khalifa, ambaye jina lake lilitajwa katika hotuba ya Ijumaa. Mtawala aliyepokea dini alipokea pamoja nayo uhusiano na kiti cha enzi cha mbali au cha karibu, na ilimpasa kupima kiti hicho kina mkono mrefu kiasi gani. Ndiyo maana ninashikilia kwamba kipimo cha kwanza cha kulinganisha dola hizi ni umbali: je, jeshi la yule aliyeleta dini lingeweza kufika? Kipimo cha pili ni nani aliyewateua viongozi wa dini, na cha tatu ni dini ilishuka hadi wapi katika maisha ya watu wa kawaida, hasa ndoa, mirathi na kodi. Kipimo cha nne huja baadaye, dola inapoanguka: je, dini ilibaki imesimama? Kusema hivi si kukana kwamba watawala hawa waliamini. Wengine waliamini kwa moyo wote, na Boris alimaliza maisha yake akiwa mtawa. Lakini imani ya moyoni haituachii maandishi mengi, ilhali masharti ya kisiasa yameacha barua, mikataba na sarafu.

Khazaria: dini isiyo na mfalme nyuma yake

Wakhazari walikaa kati ya mataifa mawili makubwa ya zama zao. Kwa Bizanti walikuwa washirika wa karibu kiasi kwamba binti wa khagani, yaani mtawala mkuu wa Wakhazari, aliolewa na mfalme mkuu Konstantino wa Tano, na mtoto wao, Leo wa Nne, alitawala Konstantinopoli kuanzia 775 hadi 780 akijulikana kwa jina la Leo Mkhazari. Kwa Waarabu walikuwa maadui. Mwaka 737 jemadari Marwan bin Muhammad, ambaye baadaye alikuwa khalifa wa mwisho wa Bani Umayya wa Damascus, alipenya hadi ndani ya nchi yao na kumlazimisha khagani akubali Uislamu, jambo ambalo halikudumu baada ya jeshi kuondoka.

Kwa hali hiyo mtu anaweza kuona kwa nini Uyahudi ulivutia. Ulikuwa na kitabu ambacho Wakristo na Waislamu wote wawili walikiheshimu, lakini haukuwa na mfalme wala jeshi la kudai utii. Tarehe yenyewe ya kuingia kwao katika Uyahudi ina mabishano, ila kuna ushahidi mmoja unaoshikika mkononi: dirhamu za mwaka 837 au 838, zilizopigwa kwa kuiga sarafu za Kiislamu, ambazo mahali pa jina la Mtume Muhammad zina maneno yanayosema kwamba Musa ni mtume wa Mungu. Mojawapo iligunduliwa mwaka 1999 katika hazina ya fedha iliyofukiwa kisiwani Gotland, Sweden.

Kasoro ya Khazaria, kama mfano wa kujifunzia, ni kwamba dini ya juu haikushuka chini. Al-Mas'udi, mwandishi wa Kiarabu, anaeleza kuwa katika mji mkuu, Atil, palikuwa na mahakimu saba: wawili wa Waislamu, wawili wa Wakhazari waliohukumu kwa Taurati, wawili wa Wakristo, na mmoja wa watu wa dini za jadi. Walinzi wa mfalme walikuwa Waislamu, nao waliweka sharti kwamba hawatapigana na Waislamu wenzao. Mfumo huo ulileta amani ya kibiashara katika mji ambao ushuru wake ulitegemea wafanyabiashara wa kila dini, na ni haki kuusifu kwa hilo. Hata hivyo haukuwaunganisha raia kuwa umma mmoja. Svyatoslav wa Kiev alipoiteka ngome ya Sarkel mwaka 965 na kisha kuupiga Atil, hapakuwa na taasisi ya kidini ya kuibeba Khazaria baada ya dola kuanguka.

Anayeichagua dola hii ajue pia kwamba maandishi ya Wakhazari wenyewe ni machache mno, na kwamba mada imechafuliwa na mabishano ya kisiasa ya zama zetu kuhusu asili ya Wayahudi wa Ulaya. Atatumia muda mwingi kuchuja pumba.

Bulgaria ya Volga: kiti cha enzi kilicho mbali mno

Hapa ndipo penye shahidi bora kuliko wote. Tarehe 21 Juni 921 ujumbe wa khalifa al-Muqtadir uliondoka Baghdad, ukapita Bukhara na Khwarazm, ukazuiwa na majira ya baridi kali, ukavuka nyika za Waturuki wa Oghuz, na kuwasili kwa mfalme Almish tarehe 12 Mei 922. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Ahmad bin Fadlan, aliyepewa kazi ya kusoma barua ya khalifa, kukabidhi zawadi na kuwasimamia mafakihi na walimu. Aliyoyaona aliyaandika, na aliyaandika kama mtu anayeshangaa kila siku.

Almish alikuwa chini ya Wakhazari. Kila nyumba nchini mwake iliwalipa ngozi moja ya manyoya, mwanawe mmoja alikuwa rehani kwao, na khagani alikuwa amemchukua binti yake kwa nguvu. Binti huyo alipofariki, akadai mwingine. Kwa hiyo Almish alimwandikia khalifa akiomba mwalimu wa dini, msikiti, mimbari na fedha za kujenga ngome. Ibn Fadlan alipomuuliza kwa nini mfalme tajiri kama yeye aombe fedha za ngome, alijibu kwamba angeweza kuijenga kwa dhahabu na fedha yake mwenyewe bila taabu, ila alitaka baraka ya mali ya Amirul-Muuminina, yaani khalifa. Jibu hilo linatosha kuonyesha dini ilikuwa inampa nini ambacho utajiri wake haukuweza kumpa.

Fedha zenyewe, dinari 4,000, hazikufika, kwa sababu wakala aliyepaswa kuzitoa kutokana na mapato ya shamba moja huko Khwarazm hakuzitoa. Almish alikasirika, na namna alivyoonyesha hasira yake ni somo zima la siasa. Muadhini wake alikuwa na desturi ya kukimu, yaani kuita mwito wa pili sala inapoanza, kwa kuyarudia matamko mara mbili, kama wafanyavyo Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi. Ibn Fadlan alimwambia kwamba katika kasri la khalifa matamko hayo husemwa mara moja, na mfalme akaamuru ifuatwe desturi ya Baghdad. Msomaji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, aliyezoea ikama ya Kishafi, ataitambua tofauti hiyo mara moja. Baada ya habari ya fedha, muadhini aliamriwa arudie mara mbili kama zamani. Ibn Fadlan alipomkemea, mfalme alimwita na kumuuliza, mbele ya watu, kama sala ya namna zote mbili inasihi. Akajibu inasihi. Akamuuliza kama wanavyuoni wamekubaliana juu ya hilo. Akajibu wamekubaliana. Kisha mfalme akamuuliza ni nini hukumu ya watu waliokabidhiwa mali ya kuwasaidia wanyonge waliozingirwa, wakaihini amana.

Halafu likaja swali la umbali. Almish alimuuliza kama khalifa, kwa nguvu na utajiri wake wote, angeweza kutuma jeshi likamshinda. Ibn Fadlan alikiri kwamba hawezi. Na amiri wa Khurasan? Naye hawezi. Je, sababu si umbali na wingi wa makabila yasiyo ya Kiislamu yaliyo kati yetu? Ndiyo. Mfalme akaapa kwamba pamoja na hayo anamwogopa Amirul-Muuminina, asije akasikia jambo la kumchukiza akamwapiza naye yuko huku mbali. Sidhani kuna ukurasa mwingine katika historia ya karne hiyo ambapo mtawala anaeleza wazi hivyo thamani ya kupokea dini kutoka kwa mwenye enzi asiyeweza kukufikia.

Alivyotumia dini hiyo ndani ya nchi nako kunaonekana. Kabla ya ujumbe kufika, hotuba ya Ijumaa ilimwombea yeye kwa cheo chake cha kifalme. Alipoambiwa kwamba juu ya mimbari haifai aitwe mfalme, na kwamba hutajwa jina lake na la baba yake, alisema hataki baba yake atajwe kwa kuwa hakuwa Mwislamu, wala hataki jina lake mwenyewe alilopewa na asiye Mwislamu. Akauliza jina la khalifa. Akaambiwa Jaafar. Akaomba ruhusa kulichukua, na tangu siku hiyo akaombewa kama Jaafar bin Abdallah. Baadaye aliyaita makabila yahame naye, na kabila la Suwar lilipokataa aliwatumia ujumbe kwamba Mungu amemneemesha kwa Uislamu na kwa utawala wa khalifa, na atakayemkaidi atakutana na upanga. Makabila yakaungana, kwa sehemu kwa hofu. Haikupita miaka 30 kabla ya mji wa Suwar wenyewe kupiga sarafu zenye jina la mtawala Mwislamu.

Kwa watu wa kawaida mambo yalikwenda taratibu zaidi. Ibn Fadlan alikuta ukoo wa Baranjar, watu wapatao 5,000, waliokwisha kusilimu na kujenga msikiti wa mbao. Alikuta pia kwamba ndugu wa marehemu hurithi badala ya mwana, akamweleza mfalme sheria ya mirathi mpaka akaielewa. Na usiku mmoja, akiwa hemani na fundi cherehani mmoja wa Baghdad aliyekuwa akimtumikia mfalme, alikaa kusubiri adhana ya isha. Wakazungumza kidogo tu, adhana ikasikika, wakatoka nje wakakuta kumepambazuka. Muadhini alimwambia kwamba wao huiswali isha pamoja na magharibi, na kwamba mwezi mzima hakulala usiku kwa kuogopa kupitwa na sala ya alfajiri. Suala la isha katika usiku mfupi wa kaskazini lilibaki likijadiliwa na wanavyuoni wa Kitatari hadi karne ya 19.

Ni muhimu kuona kwamba pamoja na juhudi za ujumbe wa Baghdad, Wabulgari wa Volga walibaki Mahanafi. Walimu wao wa kudumu walitoka Asia ya Kati, wakifuata njia ile ile iliyoleta dirhamu za Wasamani, watawala wa Bukhara, na kurudi na manyoya na watumwa. Khalifa alitoa jina; wafanyabiashara wa Bukhara na Khwarazm walitoa elimu. Hapakuwa na askofu wa kuteuliwa kutoka nje, na mfalme hakuwa na mtu wa kushindana naye ndani ya msikiti wake. Wamongolia waliiteketeza nchi hiyo mwaka 1236, lakini Uislamu haukuteketea. Upo Tatarstan hadi leo.

Bulgaria ya Danube: jirani wa mlango kwa mlango

Boris alikuwa na hali iliyo kinyume kabisa. Konstantinopoli ilikuwa karibu kiasi kwamba jeshi na meli zake ziliweza kufika nchini mwake ndani ya msimu mmoja, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 864, nchi ikiwa katika njaa na majeshi yake yakiwa magharibi. Alibatizwa na kuchukua jina la Mikaeli, ambalo lilikuwa jina la mfalme mkuu wa Bizanti. Mwaka uliofuata wakuu wa koo za Kibulgari waliasi, na Boris aliwaua viongozi 52 pamoja na jamaa zao. Tendo hilo lilivunja uti wa mgongo wa koo za kale, na baadaye Papa Nikolasi wa Kwanza alimlaumu kwa kuwaua hata watoto wasio na hatia.

Kwa nini Papa aliingia katika habari hii? Kwa sababu Boris, baada ya kuona kwamba Wagiriki hawampi askofu mkuu wake mwenyewe, aligeukia Roma. Mwaka 866 alimpelekea Papa orodha ndefu ya maswali, na majibu 106 ya Papa yamehifadhiwa. Kwa mwalimu hii ni hazina. Boris aliuliza kama inafaa kuoga siku za Jumatano na Ijumaa, kama wanawake wanaruhusiwa kuvaa suruali, kama jeshi liendelee kubeba mkia wa farasi kama bendera, na habari ya desturi ya mfalme kula peke yake juu ya kiti huku mkewe na wengine wakila chini mbali naye. Papa alimruhusu mambo mengi, akamwambia bendera ibadilishwe iwe msalaba, na kuhusu mlo akamwambia kwamba desturi hiyo haipingani na imani ila si adabu njema. Katikati ya maswali hayo ya jikoni na mavazi lilikuwamo lile lililompeleka Roma: je, tunaweza kuwa na patriaki wetu, yaani mkuu wa Kanisa linalojitegemea? Papa alijibu kwa tahadhari, akaahidi askofu kwanza.

Boris hakuridhika. Mwaka 870, baada ya mtaguso uliofanyika Konstantinopoli, Bulgaria ilirudi upande wa Wagiriki, safari hii ikiwa na askofu mkuu wake. Alikuwa amewashindanisha wakubwa wawili mpaka mmoja akapandisha bei.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoleta tofauti kubwa. Mwaka 886 wanafunzi wa mmisionari Methodius, waliofukuzwa Moravia, walifika Bulgaria wakiwa na vitabu vya ibada katika lugha ya Kislavoni. Boris aliwapokea kwa mikono miwili. Mmoja wao, Clement, alipelekwa upande wa Ohrid, na wasifu wake unasema alifundisha wanafunzi 3,500. Kumbuka kwamba dola hii ilikuwa na tabaka la watawala wenye asili ya Kituruki juu ya wakulima wa Kislavoni walio wengi. Ibada na maandishi katika lugha ya wengi viliwafanya wote kuwa watu wamoja ndani ya vizazi vichache, na vilimpunguzia mfalme haja ya makasisi wa Kigiriki. Boris alipong'atuka mwaka 889 na mwanawe Vladimir akajaribu kurejesha dini ya jadi, mzee alitoka katika nyumba ya watawa, akamwondoa, akampofua macho, na mwaka 893 akamweka mwanawe mwingine, Simeon. Makao makuu yakahamishwa kutoka Pliska hadi Preslav. Mwaka 927 Bizanti ilikubali kwamba mtawala wa Bulgaria ni tsari, yaani mfalme mkuu, na kwamba Kanisa lake lina patriaki.

Mfalme mkuu wa Bizanti, Basil wa Pili, aliimeza Bulgaria mwaka 1018. Hata hivyo aliliacha Kanisa la Ohrid likiwa na askofu wake mkuu, ingawa lilishushwa kutoka daraja la patriaki, na mwaka 1185 Wabulgari waliasi na dola ikasimama tena.

Kiev: hadithi tamu, ushahidi wa baadaye

Kisa cha Vladimir ndicho maarufu kuliko vyote, na ndicho ninachomshauri mwanafunzi akisogelee kwa uangalifu mkubwa. Tarikh ya Rus, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 12, inasimulia jinsi alivyowasikiliza Wabulgari Waislamu, Wajerumani, Wayahudi wa Khazaria na Wagiriki, kisha akatuma watu kumi wakazikague ibada zao, nao wakarudi wakisema kwamba ndani ya kanisa la Hagia Sophia hawakujua kama wako mbinguni au duniani. Inawezekana kuna kiini cha ukweli, kwa maana mwandishi Mwislamu al-Marwazi naye anataja wajumbe wa Rus waliokwenda Khwarazm kuulizia Uislamu. Lakini simulizi hiyo iliandikwa zaidi ya miaka mia moja baadaye na mtawa aliyejua mwisho wake.

Sababu za kisiasa ziko wazi zaidi. Mwaka 980 Vladimir alikuwa amejaribu kuunganisha makabila kwa kusimamisha sanamu za miungu kadhaa juu ya kilima cha Kiev, Perun akiwa mkuu wao, na mpango huo haukumpa heshima yoyote kwa wafalme wa nje. Mwaka 987 jemadari Bardas Phokas alimwasi Basil wa Pili, na Basil akahitaji askari. Vladimir alimpelekea wapiganaji wapatao 6,000, akaiteka Chersonesos ya Krimea, na akamwoa Anna, dada wa Basil aliyezaliwa ndani ya kasri, heshima ambayo Bizanti iliwanyima karibu wageni wote. Alibatizwa akiwa mtu anayeidai Konstantinopoli fadhila, na kati yake na mji huo kulikuwa na bahari nzima.

Kiev ilipokea kutoka Bulgaria ya Danube vitabu vilivyokwisha kutafsiriwa, na hapo ndipo kazi ya Boris ilipozaa mara ya pili. Sanamu ya Perun ilifungwa kwenye mkia wa farasi, ikaburutwa huku watu 12 wakiipiga kwa fimbo, ikatupwa mtoni. Vladimir alijenga kanisa Kiev akalitengea fungu la kumi la mapato yake. Kichwa cha Kanisa, metropoliti, aliteuliwa Konstantinopoli na kwa kawaida alikuwa Mgiriki; Hilarion, Mrusi wa kwanza kushika cheo hicho, aliwekwa na Yaroslav, mwana wa Vladimir, mwaka 1051 na hakufuatwa mara na mwenyeji mwingine.

Dini ilishuka polepole. Katika miaka ya 1070 mganga mmoja alijitokeza Novgorod akisema atavuka mto kwa miguu, na askofu alipotoka na msalaba akiwataka waumini wasimame upande wake, ni mtawala Gleb na askari wake pekee waliosogea. Mji wote ulisimama na mganga. Gleb alificha shoka chini ya joho, akamuuliza kama anajua kitakachotokea siku hiyo, akajibiwa kwamba atafanya miujiza mikubwa, na hapo hapo akampasua kwa shoka. Umati ukatawanyika. Karibu karne moja baada ya ubatizo, Ukristo wa mji huo bado ulitegemea shoka.

Hata hivyo, dola ilipogawanyika baina ya warithi wa Yaroslav baada ya 1054, metropoliti alibaki mmoja kwa nchi nzima. Na baada ya Wamongolia kuiteka Kiev mwaka 1240, khani Möngke Temür alitoa hati mwaka 1267 ya kuwasamehe makasisi kodi. Kanisa likawa na nafuu kuliko wakuu wenyewe.

Basi uchague ipi?

Zikisimama pamoja, dola hizi zinaonyesha kwamba umbali ambao jiografia ilimpa Almish bure, Boris ilimbidi autengeneze kwa barua, kwa kuwashindanisha Roma na Konstantinopoli, na kwa lugha. Vladimir alikuwa na bahari, kwa hiyo alivumilia metropoliti wa Kigiriki ambaye Boris asingeweza kumvumilia. Wakhazari walikwepa swali lote kwa kuchukua dini isiyo na kiti cha enzi, na kwa sababu hiyo hiyo hawakuwa na mtu wa nje wa kuwatumia walimu kwa wingi, kuwatambua au kuwabeba walipoanguka.

Mwenye muda wa dola moja tu na anayetaka kuona mitambo ya utawala ikifungwa moja baada ya nyingine achague Bulgaria ya Danube, kwa sababu hatua zote zipo na zina tarehe. Mwalimu mwenye wanafunzi wa sekondari, hasa wanaojua fiqhi kidogo, atafanikiwa zaidi na Bulgaria ya Volga. Watamwelewa Almish kabla hata hawajaelezwa. Kiev inamfaa anayetaka kujifunza kuhoji vyanzo, au anayefuatilia historia ya Urusi na Ukraine, na asianze nayo kwa sababu tu hadithi yake inajulikana. Khazaria nisingempa mtu yeyote kama mfano wa kwanza. Inafaa kusomwa baadaye, kama kesi inayoijaribu kanuni.

Lakini aliye na nafasi ya mbili, chaguo langu halina wasiwasi: azichukue Bulgaria zote mbili kwa pamoja. Watu hawa walitoka katika shina moja, shirikisho la Kubrat lililovunjika kaskazini mwa Bahari Nyeusi katika karne ya 7, kundi moja likaenda Danube na jingine baadaye likapanda Volga. Walianza na lugha ya jamii moja, imani zinazofanana na desturi za nyika zinazofanana, wakaishia katika dini mbili tofauti, hivyo tofauti zinazoonekana baadaye ni rahisi kuhusisha na mahali walipokaa na majirani waliowapata. Aanze kwa kuyaweka pamoja maombi mawili, la Boris kwa Papa kuhusu patriaki na la Almish kwa mjumbe wa khalifa kuhusu jina la kuombewa mimbarini, na aandike pembeni mwa kila moja ni nani aliyekuwa na uwezo wa kulikataa.